Skrini ya Kwenda Nayo Kaburini

RATOVO: Haloo? Nani mwenzangu? Ongea kwa nguvu, nimepanda juu ya ukuta wa zizi, mtandao huku haushuki chini.

MIANGALY: Shikamoo mjomba. Mimi Miangaly.

RATOVO: Marahaba, mwanangu, marahaba. Miangaly yupi?

MIANGALY: Kwani unao wangapi?

RATOVO: Nahakikisha tu. Mtu akikaa sana Antananarivo anabadilika sauti. Mmeshaondoka?

MIANGALY: Bado. Gari la ukoo linatoka saa nane, sasa hivi ni saa sita na robo, na mimi niko hapa mjini, Behoririka, kwa muuza skrini. Nina swali moja tu, mjomba, halafu nikuache—

RATOVO: Subiri. Kabla hujauliza, jua hivi: yote nitakayokwambia leo ni kweli tupu, hayana chumvi hata chembe. Naapa kwa wazee wetu tunaowatoa kaburini keshokutwa.

MIANGALY: Usiape kwa hao. Safari hii wako karibu mno.

RATOVO: Ndiyo maana naapa kwao. Wanasikia vizuri.

MIANGALY: Haya. Hapo kijijini umeme upo?

RATOVO: [mkwaruzo] Umeme?

MIANGALY: Umeme, mjomba. Wa kuchomeka kitu.

RATOVO: Unaniuliza mimi habari za umeme? Miaka thelathini na moja nimepanda nguzo za simu za reli, kutoka Antsirabe mpaka—

MIANGALY: Hizo zilikuwa simu.

RATOVO: Na simu inatembea kwa nini, kwa uji?

MIANGALY: Mjomba, jibu. Ndiyo au hapana.

RATOVO: Ndiyo. Nina sola tatu juu ya paa. Tatu, Miangaly. Wiki iliyopita jua lilipiga kwenye zile sola mpaka kuku waliolala chini yake wakataga mayai yaliyokwisha chemka. Nikala na chumvi, palepale. Na taa ya sebuleni siku hizi siiwashi yote, jirani wa bonde la pili alikuja kulalamika kwamba mkewe halali.

MIANGALY: Sawa. Ukitoa kuku na mke wa jirani, zinabaki sola ngapi?

RATOVO: Tatu.

MIANGALY: Maana nategemea hilo jibu, mjomba. Sikutanii. Kazi yangu iko hapo.

RATOVO: Kazi gani tena? Unakuja kuwabadilisha wazee sanda, kucheza nao, kula wali na nyama ya nguruwe yenye mafuta mpaka kwenye kiwiko. Kazi ya nini?

MIANGALY: Sikupewa ruhusa.

RATOVO: Hukupewa? Si ungewaambia ni mambo ya mama yako?

MIANGALY: Nilimwambia bosi. Yule wa Ufaransa, kwa video. Nikamwambia naomba siku tatu, ni shughuli ya mama. Akafungua faili, akasoma, akaniambia mama yako tulikupa siku zake miaka mitano iliyopita, kwenye kumbukumbu zetu ameshakufa mara moja.

RATOVO: [anacheka] Ukasemaje?

MIANGALY: Nikamwambia hafi tena, tunamtoa. Halafu akaniomba cheti.

RATOVO: Cheti cha kutoka?

MIANGALY: Hata sijui cheti gani. Basi ikawa nifanye kazi hukohuko nitakakokuwa. Fomu mia sita, kabla ya Jumatatu asubuhi. Unajua ninavyofanya: upande huu picha ya rejista ya zamani ya vizazi na ndoa, mwandiko wa kalamu ya wino umefifia, upande huu fomu najaza. Ofisini tuna skrini mbili mbili. Ukiwa na moja unafungua hii unafunga ile, jicho linaruka mstari. Mwezi uliopita umeme ulikatika, nikatumia laptopu peke yake, nikamfanya mtoto azaliwe mwaka mmoja kabla ya mama yake kuzaliwa.

RATOVO: Huyo ni mtoto mwenye haraka.

MIANGALY: Wakanionya. Wiki iliyofuata nikamwoza mtu kwa mama mkwe wake. Wakanionya tena. La tatu hawaonyi, mjomba, wanafunga akaunti. Na mwezi ujao ada ya wadogo zangu wote wawili. Ndiyo maana niko hapa natoka jasho mbele ya skrini tatu, na huyu kaka anaangalia saa.

RATOVO: Zipo tatu? Ipi kubwa?

MIANGALY: Hujauliza bei, umeuliza kubwa.

RATOVO: Mtu mzima huanza na ukubwa. Bei ni mazungumzo.

MIANGALY: Sikiliza basi. Ya kwanza ndogo, inchi kumi na tatu, nyembamba kama sahani ya bati. Waya mmoja tu, unachomeka kwenye laptopu, picha na umeme vinapita humohumo. Lakini herufi ni ndogo, mwandiko wa zile rejista ndani yake ni kama sisimizi kwenye sukari guru. Ya pili kumi na tano na nusu. Waya mmoja vilevile, ina kifuniko kinachokunjwa kinakuwa kisimamio. Nzuri. Tatizo lake bei. Ya tatu—

RATOVO: Ya tatu ndiyo kubwa.

MIANGALY: Kumi na saba. Imetumika. Ni ariari laki tatu tu, na mimi nina laki nne.

RATOVO: Chukua hiyo.

MIANGALY: Sijamaliza—

RATOVO: Chukua hiyo. Laki inabaki, unakula njiani.

MIANGALY: Mjomba, ina waya wake wa ukutani. Laptopu haiilishi. Ukuta usipokuwa na umeme, ni kipande cha dirisha.

RATOVO: Si nimekwambia sola tatu?

MIANGALY: Na haina kisimamio. Nikiiegemeza inateleza inalala, kama mtu aliyetoka kwenye ulanzi.

RATOVO: Kisimamio nitakichonga mimi. Mbao ninazo, msumari ninao.

MIANGALY: Na mwanga wake hafifu. Hapa dirishani sioni kitu, naona sura yangu.

RATOVO: Hilo dogo. Tutafunga madirisha yote.

MIANGALY: Tutafunga?

RATOVO: Utafunga. Wewe. Utakapokuwa unafanya kazi.

MIANGALY: Mjomba, kwa nini hiyo kubwa inakupendeza hivyo na hujaiona?

RATOVO: Nakuonea huruma macho yako. Macho ni mawili tu, mwanangu, hayana spea. Mimi nilikuwa na rafiki, fundi mwenzangu wa reli, huyo alikuwa anasoma gazeti kutoka juu ya nguzo, gazeti limeshikwa na mtu aliye stesheni. Siku moja akanunua saa yenye—

MIANGALY: Mjomba.

RATOVO: —yenye tarakimu ndogo—

MIANGALY: Mjomba, vocha yangu haipandi nguzo. Hebu ngoja. [kwa mtu wa pembeni] Kaka, hii ya katikati ichomeke kwenye laptopu yangu niione kwanza. Siyo kwenye ya kwako, kwenye yangu. Matundu mengine yanachaji tu, hayatoi picha, nilishadanganywa mwaka jana. [kwenye simu] Upo?

RATOVO: Nipo. Umeshalipia kubwa?

MIANGALY: Ninajaribu ya kati. [waya unachomekwa] Inawaka. Inawaka na laptopu yangu, mjomba. Rejista huku, fomu kule. Nasoma mpaka nukta.

RATOVO: Bei?

MIANGALY: Alianza na laki sita. Tumeshuka mpaka laki tano na ishirini. Pungufu yangu laki na ishirini, na hapa hashuki tena, kashaanza kuikunja.

RATOVO: Unaona? Kubwa iko ndani ya uwezo. Mtu ananunua kilicho ndani ya uwezo.

SAUTI YA CHINI: [kwa mbali, chini ya ukuta] Mzee Ratovo, mabenchi haya tuyaelekeze ukuta upi?

RATOVO: [mkono kwenye simu] Nyamaza wewe.

MIANGALY: Mabenchi gani?

RATOVO: Mabenchi? Mtandao huo. Huku unaleta sauti za watu wa Antsirabe.

SAUTI YA CHINI: Tumeshaleta ya kanisani kumi na mbili. Mwalimu anauliza kama na ya shule yaje.

MIANGALY: Huyo si Zefania wa duka?

RATOVO: Anafanana naye sauti.

MIANGALY: Mjomba Ratovo. Mabenchi ya kanisa yanafanya nini kwako?

RATOVO: Ya wageni. Watu mia tatu wanakuja, watakaa juu ya nini, juu ya mihogo?

MIANGALY: Wageni wanakaa uwanjani, kwenye mikeka, tangu nimezaliwa. Wewe mabenchi unayaingiza ndani, yanaelekea ukuta, na madirisha "tutafunga". Umewaahidi watu sinema.

RATOVO: [mkwaruzo mrefu] Unakatikakatika.

MIANGALY: Sikatiki hata kidogo, wewe unakwaruza simu kwa kucha. Nakusikia.

RATOVO: Haloo? Haloo?

MIANGALY: Umewaahidi watu sinema kwa skrini yangu ya kazi.

RATOVO: Siyo sinema. Usilikuze jambo. Ni kipande.

MIANGALY: Na hizo sola?

RATOVO: Zipo.

MIANGALY: Kwa hao wazee uliowaapia?

RATOVO: Ipo moja.

MIANGALY: Juu ya paa?

RATOVO: Juu ya paa la Zefania. Ni yake. Inachaji simu, mbili kwa zamu, kama hakuna wingu.

MIANGALY: Eh, mjomba. Eh. Ungeniacha ninunue kitu cha kuchomeka ukutani nije nacho mpaka huko, kilomita zote hizo, nikakae na dirisha mkononi? Fomu mia sita?

RATOVO: Nilikuwa na mpango.

MIANGALY: Mpango gani?

RATOVO: Wapiga muziki wanakuja na jenereta. La kelele, la vipaza sauti. Limekodiwa siku zote tatu. Nimeshasema na mkubwa wao, kuna tundu moja la ziada. Hilo ni kweli. Muulize Zefania.

MIANGALY: Zefania aliyefanana sauti?

RATOVO: Huyohuyo.

MIANGALY: Jenereta likiisha mafuta?

RATOVO: Linazimwa, wanatia, linawashwa.

MIANGALY: Kila likizimwa hiyo kubwa inazimika na mimi niko katikati ya jina la mtu. Ya kati inakula betri ya laptopu, jenereta likizimwa inaendelea tu. Masaa mawili na nusu naweza. Umeelewa tofauti?

RATOVO: Nimeelewa tangu mwanzo. Mimi fundi.

MIANGALY: Basi kwa nini umenisukumia hiyo nyingine, mjomba wangu mwenyewe?

RATOVO: Kwa sababu ni kubwa.

MIANGALY: Kubwa ya nini?

RATOVO: [upepo kwenye simu] Lalao amenitumia kitu. Yule binamu yako aliyeolewa Ufaransa. Alikuwa anasafisha simu yake ya zamani, akakuta kipande cha siku ya harusi yake. Jikoni. Wanawake wanakata vitunguu.

MIANGALY: Sasa?

RATOVO: Mama yako yumo.

MIANGALY: Mama?

RATOVO: Anaimba. Anakata vitunguu anaimba, halafu anamgombeza mtu asiyeonekana, halafu anaendelea palepale alipoishia, hakosei neno. Sauti naisikia vizuri. Ila huku kwenye simu picha yenyewe... nikivaa miwani naona mkono wa blauzi. Nikivua naona kitu cheupe, nadhani ni vitunguu. Nimeangalia siku tisa, Miangaly. Dada yangu sijamwona bado.

MIANGALY: [kimya]

RATOVO: Upo?

MIANGALY: Kina urefu gani?

RATOVO: Dakika nne. Na sekunde kumi na moja.

MIANGALY: Na ukaona uwatangazie watu wote.

RATOVO: Nilimwambia Zefania peke yake. Nikamwambia anakuja na skrini, tutamwona dada. Zefania ana duka, kila anayenunua chumvi anapewa na habari. Kufika jioni ilikuwa sinema. Kesho yake ilikuwa sinema yenye rangi, imeletwa na ndege. Mchungaji akaja mwenyewe kuuliza kama inafaa kwa watoto. Ningefanya nini, nimkatize mchungaji?

MIANGALY: Uliongeza ngapi na wewe?

RATOVO: Kidogo.

MIANGALY: Ngapi?

RATOVO: Nilisema skrini ni kubwa kama mlango.

MIANGALY: [anacheka, anajizuia] Wa nyumba?

RATOVO: Wa kanisa.

MIANGALY: Mjomba. [kwa mtu wa pembeni] Subiri kaka, usiirudishe kwenye boksi. Nimekwambia subiri. [kwenye simu] Nachukua ya kati.

RATOVO: Ni ndogo.

MIANGALY: Ni ndogo, inawaka, na haihitaji ukuta wala sola ya Zefania. Ila nina pungufu, na mtu aliyetaka kunitia hasara ni mmoja. Laki na ishirini, mjomba. Sasa hivi.

RATOVO: Nitakupa milioni.

MIANGALY: Milioni za ariari au za faranga zako za enzi zile?

RATOVO: Faranga. Mimi bado nahesabu kiungwana.

MIANGALY: Milioni ya faranga ni laki mbili za ariari. Mimi nataka laki na ishirini, kwa hesabu zako ni laki sita. Mpe Zefania anitumie kwa simu, si yeye ndiye wakala?

RATOVO: Miangaly, mwanangu, sikia. Hiyo niliyonayo nimeitenga ya kofia.

MIANGALY: Kofia gani?

RATOVO: Ya manyoya ya sungura, ya kijivu. Mimi ndiye nitakayetoa hotuba kaburini, mbele ya ukoo mzima, na hii niliyonayo panya alijifungulia ndani. Wanne. Siwezi kuwakaribisha wazee waliolala miaka yote hiyo nikiwa na kofia iliyozaa.

MIANGALY: Wazee hawatazami kofia. Na wewe umewaapia uongo tangu saa sita na robo, kama anayekudai ni mimi peke yangu, sijui.

RATOVO: Hilo umelitafuta mbali.

MIANGALY: Simu inalia, vocha inaisha. Unatuma au niende na ndogo, watu mia tatu wamtazame mama kwenye sahani?

RATOVO: Subiri. [kwa sauti kubwa, mbali na simu] Zefania. Acha hayo mabenchi, chukua simu yako ya kazi. Andika namba. Laki na ishirini. Ndiyo, za siku hizi. Nakupa nikishuka, ziko kwenye kopo la mchele. Kopo ni langu, kwa nini nisilipe? Soma jina. Limetoka la nani? Ni huyohuyo. Tuma.

MIANGALY: Ameandika namba vizuri?

RATOVO: Anaandika. Kidole chake kinene, kinagusa mbili mbili. Haya, ametuma.

MIANGALY: Haijaingia.

RATOVO: Inapanda mlima.

MIANGALY: Mjomba, kama na hili—

RATOVO: Kwa hili siongezi neno. Ngoja.

MIANGALY: ... Imeingia. Laki na ishirini kamili. [kwa mtu wa pembeni] Funga, kaka. Na waya wake, na kifuniko. Huo siyo waya wake, ni ule mfupi uliojaribia, huohuo. [kwenye simu] Asante, mjomba.

RATOVO: Utafanyia kazi wapi?

MIANGALY: Popote hilo jenereta lilipo.

RATOVO: Litakuwa nyuma ya zizi. Vipaza sauti viko mbele yake. Utaandika na tarumbeta sikioni.

MIANGALY: Nitaandika. Mchana wako wa sinema nakupa dakika ishirini, siyo moja zaidi, halafu narudi kwenye rejista.

RATOVO: Dakika ishirini tunamwona mara nne.

MIANGALY: Mara nne na chenji. Mjomba, anaimba wimbo gani?

RATOVO: Huo wa... Hapana. Sikwambii. Ukiwa umekaa, utausikia.

MIANGALY: Niwekee nafasi benchi la mbele.

RATOVO: Lako lipo. Kimbia sasa, usiachwe na gari. Msalimie dereva, mwambie asipite kwa yule mwenye maandazi, anachelewesha.

MIANGALY: Haya, baki salama. Shuka taratibu kwenye huo ukuta.

RATOVO: Nashuka, nashuka. Kwaheri, mwanangu. Nakata mimi au unakata wewe? Nakata mimi. Hiki kitufe chekundu... hapa. Tayari. [kwa sauti kubwa] Haya, jamani, mambo yamekwisha. Nimetoka kumnunulia mtoto skrini mpya. Nimelipa mimi, yote. Ukubwa? Inchi arobaini. Wameibeba watu wawili mpaka kwenye gari, na mlango wa gari imebidi—

MIANGALY: Mjomba.

RATOVO: Haloo?

MIANGALY: Bado niko hewani.

RATOVO: [chini mtu anakohoa] Kumi na tano na nusu. Na nimelipa pungufu tu, hela nyingine ni zake. Sogezeni hayo mabenchi karibu.

[Vocha inaisha.]